Rejista Inapotoa Jibu Lisilowezekana: Utatuzi wa Hitilafu katika Takwimu za MTUHA kwa Watafiti wa Afya ya Jamii

Mwongozo huu umekusanya hitilafu zinazojirudia kila mtafiti anapochukua kumbukumbu zilizoandikwa kwa ajili ya kuendesha huduma, iwe ni rejista za zahanati, ripoti za mwezi zilizoingizwa kwenye DHIS2 (mfumo wa kompyuta wa kukusanyia takwimu za vituo), kadi za kliniki au madai ya bima, akataka zimjibu swali linalohusu afya ya wakazi wote wa wilaya au mkoa. Mifano yake ni ya Tanzania, ambako Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya, yaani MTUHA, umetumika tangu miaka ya 1990. Msingi wa kazi yote ni kwamba muuguzi hakumwandikia mtafiti. Aliandika ili mgonjwa apate dawa, ili stoo ijue kilichotumika, na ili ripoti ya mwezi itoke kwa wakati. Kwa sababu hiyo, chanzo cha dalili nyingi zilizoelezwa hapa hukutwa kwenye kitabu na kwenye meza kinapojaziwa, na ni mara chache hukutwa kwenye programu ya uchambuzi.

Kabla ya kugusa chochote, hifadhi nakala ya data kama ulivyoipokea na usiihariri kamwe. Marekebisho yote yafanyike kwenye nakala nyingine, yakiambatana na maelezo ya nani alirekebisha nini. Kisha omba ukurasa mtupu wa kila toleo la rejista lililotumika katika miaka unayoichunguza. Mtafiti asiye na ukurasa huo hajui kama safu anayoisoma iliwahi kuwapo kwenye kitabu cha mwaka anaouzungumzia.

Dalili ya 1: Kiwango cha chanjo kimezidi asilimia 100

Hakuna hitilafu inayolalamikiwa kuliko hii. Ripoti ya halmashauri inaonyesha kwamba waliopata dozi ya tatu ya Penta, chanjo ya watoto inayokinga magonjwa matano, ni wengi kuliko watoto wanaokadiriwa kuwapo, na mtafiti anabaki akijiuliza watoto wa ziada wametoka wapi.

Chanzo cha kawaida zaidi ni namba ya chini ya sehemu, yaani asili. Idadi ya walengwa haihesabiwi kila mwaka, bali hukadiriwa kutoka kwenye sensa. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 44,928,923 na ile ya 2022 ikahesabu 61,741,120, na katika miaka kumi iliyokuwa katikati halmashauri zilitumia makadirio ambayo hayakuona machimbo mapya yaliyofunguliwa wala mashamba ya pembezoni mwa Dar es Salaam yaliyokatwa viwanja. Chanzo cha pili ni mama kuvuka mpaka: mtoto anaishi wilaya moja na anachanjwa wilaya jirani kwa kuwa zahanati ya huko ndiyo iliyo karibu na barabara. Cha tatu ni kuhesabu mara mbili, hasa pale dozi zilizotolewa kwenye huduma ya mkoba zinapojumlishwa na timu iliyokwenda kijijini na kujumlishwa tena na kituo kilichotoa chanjo. Cha nne ni kidole kilichogusa sifuri moja zaidi.

Anza na hicho cha nne, maana ni rahisi kukikagua ingawa si cha kawaida. Chora mwezi kwa mwezi kwa kila kituo na utafute mwezi mmoja uliopanda mara kumi. Baada ya hapo linganisha dozi ya kwanza na ya tatu: kituo ambacho kwa mwaka mzima kimetoa Penta ya tatu nyingi kuliko ya kwanza kina maelezo ya kutoa. Hatua inayofuata ni leja ya chanjo, kwa kuwa dozi zilizochomwa haziwezi kuzidi dozi zilizotoka kwenye jokofu.

Ikiwa namba ya juu imesimama imara katika ukaguzi wote huo, tatizo liko kwenye asili, na tiba ya kina ni kuibadilisha. Karibu wajawazito wote nchini huhudhuria kliniki angalau mara moja, hivyo mahudhurio ya kwanza yaliyomo katika kitabu namba 6 cha MTUHA, cha kliniki ya wajawazito, baada ya kuzingatia mimba zilizoharibika, watoto waliozaliwa wafu na mapacha, mara nyingi hukadiria vizazi vya eneo vizuri kuliko makadirio ya sensa iliyozeeka. Jambo moja lisifanywe kwa hali yoyote, nalo ni kukata kila kilichozidi 100 na kuandika 100. Mwenye kufanya hivyo anaficha halmashauri zenye kosa kubwa na kuziacha zile ambazo kosa lake limetokea kuangukia kwenye 85, ambazo huenda ni mbovu vilevile.

Simama na uombe msaada endapo makadirio ya halmashauri na yale ya Ofisi ya Taifa ya Takwimu yanatofautiana bila maelezo. Swali hilo ni la Meneja wa Takwimu wa Mkoa, na si la mtafiti kuchagua namba inayompendeza.

Dalili ya 2: Ugonjwa umeporomoka au umeruka ghafla

Kabla ya kusifu mradi wowote, chukulia kwamba kilichobadilika ni namna ya kuandika. Sababu inayoongoza ni kubadilika kwa kipimo au kwa tafsiri ya ugonjwa. Malaria ndiyo fundisho kuu. Kwa miaka mingi homa karibu yoyote iliandikwa malaria kwa macho ya mtabibu. Kipimo cha haraka, mRDT, kiliposambazwa vituoni, na Shirika la Afya Duniani likapendekeza mwaka 2010 kwamba kila anayeshukiwa apimwe kabla ya kupewa dawa, sehemu ya wagonjwa walihama kutoka safu ya malaria kwenda safu nyingine bila mbu hata mmoja kufa. Upungufu halisi ulikuwapo, lakini mtafiti anayechora mstari mmoja kutoka 2005 hadi 2015 na kuuita mwenendo wa ugonjwa anachora mambo mawili kwa kalamu moja.

Sababu ya pili ni mipaka ya utawala. Mwaka 2012 ilizaliwa mikoa ya Geita, Katavi, Njombe na Simiyu, na mwaka 2016 Songwe ikamegwa kutoka Mbeya. Mwanza iliyopoteza wagonjwa mwaka 2012 haikupona, ilipoteza wilaya. Sababu ya tatu ni toleo jipya la rejista, na ya nne ni kuisha kwa vitendanishi, kwani kituo kisicho na mRDT kwa miezi miwili huonekana kama kisicho na malaria iliyothibitishwa. Ipo pia sababu ndogo inayowapotosha watu wa ofisini kuliko wa vituoni: mwaka wa fedha wa Serikali huanza Julai 1 na kuishia Juni 30, na ripoti mbili zenye kichwa cha mwaka uleule zinaweza kuwa na miezi sita tu ya pamoja.

Ukaguzi rahisi ni kuweka kwenye grafu moja idadi ya waliopimwa na idadi ya waliokutwa na ugonjwa. Zikishuka pamoja, uliza habari za stoo. Kwa mipaka, rudi kwenye ngazi ya kituo na ujenge upya mkoa kwa mipaka ya mwaka mmoja ulioteuliwa, kisha uitumie mipaka hiyo kwa kipindi chote.

Dalili ya 3: Kituo hakijawahi kuwa na kifo hata kimoja

Nafasi tupu ina maana tatu: halikutokea, halikuandikwa, au liliandikwa halikutumwa. Katika DHIS2 kuna mtego wa ziada, kwa kuwa mfumo hautunzi sifuri isipokuwa msimamizi awe ameagiza, kwa kipengele husika, kwamba sifuri nayo ihifadhiwe. Mtoa takwimu anaweza kuwa aliandika 0 kwa uaminifu kila mwezi, na wewe ukapakua utupu.

Angalia kwanza kama ripoti ya mwezi huo ilipokelewa. Ikiwa fomu ilifika na vipengele vingine vimejazwa, utupu huo una uwezekano mkubwa wa kuwa sifuri. Ikiwa fomu nzima haikufika, ni pengo, na pengo lisijazwe sifuri. Mratibu wa MTUHA wa wilaya anaweza kukuambia kwa dakika tano mpangilio wa vipengele ukoje. Kwa vifo vya wajawazito usiishie hapo: linganisha na kitabu namba 12 cha wodi ya wazazi, na namba 14 cha wodi za kulaza, kwa sababu mama aliyefariki siku ya nne baada ya kujifungua, akiwa amehamishiwa wodi nyingine, hukosa mwenyewe wa kumhesabu.

Dalili ya 4: Mistari imepungua baada ya kufungua faili

Niliwahi kupoteza siku mbili kwa hitilafu hii. Kitabu kilikuwa na wagonjwa zaidi ya mia nne kwa robo mwaka, karani aliapa kuwa aliwaingiza wote, na programu yangu ilisoma pungufu ya mia tatu. Nilipokwenda kituoni na kufunua kitabu, safu ya kijiji ilikuwa na jina la kijiji kwenye mstari wa juu, na chini yake, hadi mwisho wa ukurasa, alama mbili ndogo za kunukulu ambazo sote tulifundishwa shuleni kuwa maana yake ni «kama hapo juu». Karani, kwa uadilifu wote, alichapa alama hizo kama zilivyo. Katika faili la CSV, yaani la maandishi ambalo safu zake hutenganishwa kwa mkato, alama hiyo hufungua nukuu, na programu huendelea kumeza mistari yote inayofuata mpaka ikutane na alama nyingine ya kuifunga.

Kwa hiyo hesabu mistari kwa njia mbili tofauti kabla ya uchambuzi wowote, na ulinganishe jumla na namba ya mwisho iliyoandikwa kitabuni. Alama hizo, pamoja na kifupi «-do-», zijazwe thamani ya mstari wa juu yake mradi tu mpangilio wa mistari haujavurugwa. Faili likishapangwa upya kwa jina au tarehe, hakuna programu itakayojua alama ilikuwa inaelekeza wapi, na dawa ni kurudi kitabuni.

Dalili ya 5: Mtoto amezaliwa kabla ya mama kupokelewa

Hii ni hitilafu yetu wenyewe, na miongozo iliyoandikwa ughaibuni haiitaji. Mama amepokelewa saa 14:00, mtoto amezaliwa saa 11:30 siku hiyohiyo, na hesabu ya muda wa uchungu inatoa hasi. Aliyempokea mama aliandika kwa saa za mfumo wa saa 24. Mkunga aliyemzalisha alitazama saa ya ukutani, akasema moyoni kuwa ni saa kumi na moja na nusu jioni, akaandika 11:30. Mtoto huyo alizaliwa saa 17:30, na hakuna aliyekosea.

Chanzo cha kwanza basi ni kuchanganyika kwa saa za Kiswahili na za Kizungu katika kitabu kimoja, wakati mwingine katika mstari mmoja. Cha pili ni tarehe za usiku. Saa nane usiku ni tarehe mpya kwa kalenda, lakini aliyeingia zamu jioni anaweza kuendelea na tarehe aliyoanza nayo, na wapo, hasa Pwani na Visiwani, ambao usiku wa Ijumaa kwao ni ule wa kuamkia Ijumaa. Cha tatu ni mama kujifungulia njiani na kuandikishwa baada ya kufika, ambapo hasi hiyo ni ya kweli na haipaswi kurekebishwa. Safu ya mahali pa kujifungulia hueleza hilo, kwa hiyo isomwe kwanza.

Ukaguzi unaofuata ni wa mwandiko na zamu. Panga rekodi kwa mkunga, au kwa herufi za sahihi yake kama zimeingizwa. Mkunga ambaye kwa mwezi mzima hakuandika saa yoyote iliyozidi 12 hatumii mfumo wa saa 24, na linalobaki ni kujua kama anatumia saa za Kiswahili au za Kizungu bila kutaja asubuhi na jioni. Orodha ya zamu husaidia: aliyefanya kazi mchana na kuandika saa 1 hadi saa 12 mfululizo, huku saa 1 zikifuatana na mwanzo wa zamu, anahesabu Kiswahili. Ukishathibitisha hivyo, saa za mchana huongezwa 6 na saa za usiku huongezwa 18, na jumla ikifika 24 au kuivuka toa 24 na usogeze tarehe mbele kwa siku moja, kwa masharti kwamba aliyeandika alikuwa bado anatumia tarehe ya jioni.

Pale ambapo hakuna neno «asubuhi» wala «usiku», hakuna zamu, na mkunga hajulikani, acha saa hiyo iwe haijulikani na ubaki na tarehe peke yake. Kuongeza saa sita kwa rekodi zote zilizotoa hasi, na kuziacha zile ambazo hazikutoa hasi ingawa zimeandikwa na mkono uleule, ni kutengeneza data. Ikiwa swali lako la utafiti linategemea saa, kwa mfano kama vifo vya watoto wachanga huzidi usiku, na zaidi ya sehemu ndogo ya rekodi haziwezi kutafsiriwa, sitisha uchambuzi huo na ukusanye saa upya kwa kipindi cha mbele.

Dalili ya 6: Mtu mmoja ameonekana kama watu watatu

Anayetaka kumfuata mama kutoka kliniki ya wajawazito hadi wodi ya wazazi, na mtoto wake hadi kwenye chanjo, atagundua kuwa namba hazimsaidii sana. Namba ya mgonjwa ni ya kituo, na katika rejista nyingi huanza upya Januari. Namba ya Kitambulisho cha Taifa ina tarakimu 20, nane za kwanza zikiwa tarehe ya kuzaliwa, lakini vitambulisho hivyo vilikusudiwa watu wa miaka 18 na kuendelea, na rejista nyingi hazina safu yake. Linabaki jina.

Majina hutofautiana kwa sababu zinazoeleweka, na kwa uzoefu wangu mpangilio wake ni huu. Kwanza ni tahajia: Mwanahamisi, Mwanahamis na Mwanaamisi ni mtu mmoja kwa waandishi watatu. Pili ni matamshi ya mahali, pale ambapo r na l hubadilishana na Lazaro akaandikwa Razaro, au dh ikawa z na Ramadhani akawa Ramazani. Tatu ni jina linalofuata la kwanza: mama alitaja jina la mume alipokuwa mjamzito, la baba yake alipolazwa, na la ukoo alipoandikishwa bima. Nne ni mtoto mchanga, ambaye wodini ni «Mtoto wa Asha» na kwenye kitabu namba 7 cha watoto ana jina lake kamili alilopewa baadaye. Tano, na hili husahauliwa, ni kadi ya bima iliyotumiwa na ndugu.

Programu nyingi hutoa Soundex kama suluhisho la haraka, na inafaa kuona kwa macho kwa nini haifai. Soundex ilibuniwa Marekani mwanzoni mwa karne ya 20 kwa majina ya huko. Hushika herufi ya kwanza kama ilivyo, hutupa irabu, na kuzipa konsonanti namba. Rehema inakuwa R500. Rahma nayo inakuwa R500. Lazaro anakuwa L260 na Razaro R260. Kwa hiyo inawaunganisha wanawake wawili tofauti na kumtenganisha mwanamume mmoja na nafsi yake. Kiswahili hubeba tofauti za majina katika irabu, na kifaa kinachotupa irabu kimetupa kilichohitajika.

Tengeneza kanuni zako mwenyewe kabla ya kulinganisha: geuza dh kuwa z na th kuwa s, ichukulie l na r kuwa herufi moja, ondoa h ya katikati na irabu ya mwisho iliyoongezwa, halafu linganisha kwa kipimo kinachoruhusu kukaribiana. Jina peke yake lisitoshe. Ongeza kijiji, mwaka wa kuzaliwa, jinsi, na kwa mtoto ongeza uzito wa kuzaliwa na jina la mama. Mbinu ya Fellegi na Sunter ya mwaka 1969 hutoa uzito kwa kila kipengele kulingana na jinsi kinavyotofautisha watu, na mantiki yake inaeleweka hapa kwa urahisi, kwani kukubaliana kwa jina la Asha kunathibitisha kidogo sana kuliko kukubaliana kwa jina adimu. Mwishoni chukua sampuli ya jozi zilizoko mpakani na uwape watu wawili wanaoyajua majina ya eneo hilo, kila mmoja aamue bila kumsikia mwenzake.

Wasioungana wasitupwe kimya. Mara nyingi ni wahamaji, wasio na kadi na waliozalia nyumbani, na matokeo yanayowaacha nje yataipamba wilaya. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022 ulikuta kuwa asilimia 81 ya vizazi vilitokea kwenye vituo; waliobaki hawamo katika kitabu namba 12 hata ukiunganisha kwa ustadi gani.

Simama kabisa ukijikuta unatumiwa orodha ya majina na magonjwa kwa WhatsApp au kwenye flashi isiyo na nywila. Taarifa za afya ni taarifa nyeti chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na kibali cha maadili ulichopewa hakifuti wajibu huo. Kazi ya kuunganisha majina ifanywe na mhusika mwenye dhamana ya data, naye akukabidhi namba bandia tu. Jedwali lenye kijiji, ugonjwa na idadi ya mtu mmoja au wawili nalo ni orodha ya majina kwa yeyote anayekaa kijijini hapo. Unganisha vijiji kabla halijatoka mikononi mwako.

Dalili ya 7: Wagonjwa wengi wana miaka 30, 40 na 50

Hapa panatosha maneno machache. Kukadiria umri kwa namba za mviringo ni jambo la kawaida, na hupimwa kwa kipimo cha Whipple: jumlisha wenye umri unaoishia na 0 au 5 kuanzia 25 hadi 60, gawanya kwa moja ya tano ya watu wote wa miaka 23 hadi 62, zidisha kwa 100. Matokeo ya 100 yanaonyesha kuwa hakuna mlundikano. 500 ni mlundikano mtupu. Tumia makundi ya umri yanayoweka namba hizo katikati badala ya kwenye ukingo.

Kilicho muhimu zaidi ni milundikano yenye maslahi. Watoto chini ya miaka 5 husamehewa ada, na wazee wa miaka 60 na kuendelea wasio na uwezo nao husamehewa. Ukiona watoto wa miaka minne ni wengi na wa miaka mitano wamepotea, umesoma sera ya msamaha na si umri wa watoto. Vivyo hivyo tarehe ya kuzaliwa ya Januari 1 iliyojaa katika faili huashiria kuwa mfumo ulilazimisha tarehe kamili kwa mtu aliyejua mwaka tu.

Dalili ya 8: Kila aliyefariki amekufa kwa moyo kusimama

Mara nyingi mwandishi amejaza namna mtu alivyokufa badala ya kilichomuua. Katika cheti cha kitabibu cha sababu ya kifo, mstari wa kwanza ni wa tukio la mwisho, na chanzo cha msingi kinapaswa kuwa kwenye mstari wa chini kabisa uliojazwa katika sehemu ya kwanza; aliyeingiza data akichukua mstari wa juu peke yake, malaria kali, ajali na saratani vyote vitageuka moyo kusimama. Angalia kwanza kama mistari ya chini ilijazwa na haikuingizwa. Ikiwa haikujazwa, hesabu sehemu ya vifo iliyoangukia I46 (moyo kusimama) na R00 hadi R99 (dalili zisizotaja ugonjwa) katika ICD-10, orodha ya kimataifa ya misimbo ya magonjwa, uiripoti wazi, na usitoe mgawanyo wa sababu kana kwamba vifo hivyo havipo.

Vifo vya nyumbani havimo kabisa. Kwa vifo hivyo kuna mahojiano na wafiwa kuhusu dalili za marehemu, njia ambayo hapa nchini ilitumika tangu miaka ya 1990 katika Dar es Salaam, Hai na Morogoro Vijijini, na ambayo maeneo ya ufuatiliaji wa kaya kama Ifakara, Rufiji na Magu yameitumia kwa muda mrefu. Usijaribu kubadilisha msimbo wa sababu ya kifo kwa kukisia kutoka neno moja la rejista. Hiyo ni kazi ya daktari aliyefunzwa kuthibitisha sababu za vifo, pamoja na mtaalamu wa misimbo.

Dalili ya 9: Waathirika wa VVU wanaonekana kufa wachache mno

Katika kliniki ya tiba na matunzo, CTC, asiyeonekana tena huandikwa kuwa amepotea. Kundi hilo limechanganya waliohamia kliniki nyingine bila kuaga, waliofariki nyumbani, na walioacha dawa. Ukiwatoa kwenye hesabu, au ukiwahesabu kuwa hai mpaka mwisho wa utafiti, vifo vitashuka kwa kiwango ambacho hakuna dawa inayoweza kukileta.

Kagua kwanza kama waliopotea wamo kwenye kliniki nyingine ya mkoa huohuo kwa namba ya CTC, ambayo sehemu zake za mwanzo hutaja mkoa, wilaya na kituo alikoanzia. Angalia pia kama aliyehama alipewa namba mpya alikohamia, kosa ambalo humzaa mgonjwa wa pili. Baada ya hapo chagua kwa bahati nasibu sampuli ya waliobaki, wafuatiliwe hadi hali yao ijulikane, kisha majibu yao yapewe uzito wa kuwakilisha waliopotea wote.

Ufuatiliaji huo usifanywe na mtafiti kwa simu. Namba iliyoandikwa kwenye kadi yaweza kuwa ya mume, ya jirani au ya mwenye duka, na salamu moja kutoka kwa mtu anayejitambulisha kuwa anapiga kutoka CTC inatosha kutangaza alichokificha mgonjwa kwa miaka. Sheria ya UKIMWI ya 2008 inalinda siri hiyo. Mpe mganga mfawidhi orodha ya namba za CTC za sampuli yako. Mtoa huduma wa ngazi ya jamii anayefahamika kwenye kaya hizo ndiye atakayekwenda, kwa utaratibu wa kliniki wa kila siku, na wewe utapokea namba ya CTC pamoja na neno moja: hai, amefariki, amehama, au hajapatikana.